Fomu ya Mali Isiyohamishika, Kasese

Nilitumwa na fomu ya kurasa nne,
kalamu mbili, tepu ya mita thelathini,
na barua yenye mhuri uliopigwa upande.
Kazi: kuhesabu kilichobaki cha stesheni.

Milango, kumi na mmoja. Yenye bawaba, mitatu.
Madirisha sikuyahesabu kwa vioo,
niliyahesabu kwa matundu.
Paa, bati. Hali yake niliandika "hafifu",
kisha nikafuta,
maana mbingu nzima ilikuwa imeingia chumba cha vifurushi
na haikuwa na dalili ya kutoka.

Masereka, mlinzi, alinitangulia na fimbo
akigonga sakafu kuwaarifu nyoka.
Hajalipwa tangu mwaka ambao hakutaka kuutaja.
Anasema Kiswahili cha reli,
kile kilichofika huku kimepakiwa
behewa moja na mataruma na nyundo:
"Pita kushoto, karani. Hizo mbao ni waongo."

Dirisha la tiketi: moja.
Ukingo wake umelika katikati, umebonyea
kwa viwiko vya watu waliobishana nauli.
Nikaweka kiwiko changu. Kikatosha.
Fomu haina safu ya hilo.

Mizani ya mizigo: moja, mshale umekwama kwenye kilo saba.
Masereka akapanda, akarukaruka, akashuka.
Saba.
"Hata nikiwa na njaa," alisema, "saba."

Nje, reli yenyewe haipo.
Nyasi zimepanga foleni pale ilipopita,
na magharibi milima imejifunga wingu kiunoni,
huko juu ilikotoka shaba.
Kwenye jukwaa la abiria Biira ameanika muhogo.
Jukwaa refu mno kwa muhogo wa nyumba moja;
ameuanza pale lilipokuwa daraja la kwanza
ukamwishia kabla ya daraja la pili.
Akauliza kama nimekuja kumfukuza.
Nikasema, mimi nahesabu tu.
"Hata wale wa kituo cha pamba," alisema,
akigeuza kipande upande wenye unyevu,
"walianza kwa kuhesabu."

Nikapima jukwaa. Tepu iliisha mara nne.
Muhogo sikuuandika.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha mkuu wa stesheni.
Kufuli ya Masereka mwenyewe, ufunguo shingoni mwake.
Ndani, giza kavu, harufu ya popo,
na ukutani ubao mweusi, maandishi yamesimama wima:
KUTOKA KAMPALA. ITAFIKA 2.10 USIKU.
Chaki nyeupe, mkia wa Y umekunjwa kwa madaha.

Nilisimama kama mtu aliyeingia msibani kwa bahati mbaya.
Miaka yote hii, nikawaza, hakuna mvua iliyofika hapa,
hakuna mkono,
saa hiyo bado inaingojea treni yake.
Nikatoa simu nipige picha.

"Usiguse," alisema. "Niliandika Jumatatu."

Jumatatu ipi?

"Hii. Popo wanafuta. Naandika tena.
Herufi nilijifunza kwa kumtazama bosi,
mimi nilikuwa wa kubeba taa."

Nikamuuliza, basi ya mwisho iliingia kweli saa mbili na dakika kumi?
Akacheka mpaka akakohoa.
"Iliingia alfajiri, karani, injini ikitokwa mvuke puani,
watoto wamelala juu ya magunia.
Lakini ubao si wa kusema ilipofika.
Ubao ni wa kusema ilipotakiwa."

Nikaketi kwenye kizingiti, nikafungua ukurasa wa nne.
Samani. Ubao wa kuandikia: mmoja.
Chini ya Hali palikuwa na visanduku vitatu:
mzima, mbovu, wa kutupwa.
Sikutia alama popote.
Pembeni, kwa herufi ndogo, niliandika: unatumika.

Watanirudishia fomu hiyo, najua.
Wanapenda visanduku.

Alinisindikiza hadi kwenye bodaboda,
akasubiri mpaka nimekaa ndipo akainama:
"Ukirudi, niletee chaki. Nyeupe.
Za rangi hazishiki."