Daftari la Dizeli

Kompyuta ya gari inasema kumi na tano nukta moja.
Orest anaisoma kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi:
lita kumi na tano kwa kilomita mia,
na nyuma yetu mizinga arobaini ya nyuki,
wavu juu, kamba pande zote,
trela inanung'unika katika giza la Alberta.
Sisemi kitu. Nina daftari.

Penseli nimeifunga kwa uzi
kwa kuwa Orest huazima, naye si mtu wa kurudisha.
Ukurasa wa kwanza una sheria zangu:
anza kwa Hrynchuk, pampu ya tatu kutoka mlangoni,
magurudumu yote juu ya zege tambarare.
Mdomo wa pampu ukikata, ngoja.
Dizeli ina povu, na povu ni kama majivuno,
hujaza mahali pasipo na kitu.
Likituama, ongeza polepole mpaka ikate tena,
kisha basi. Usilibembeleze tangi.

"Mke wangu," Orest huwaambia mkahawani,
"hupima mafuta kama dawa ya mtoto."
Wanacheka. Nami hucheka.
Lakini mwenye kanola kule Taber hutulipa kwa mzinga,
na safari ikila kuliko tulivyokisia
hasara tunaibeba sisi,
dashibodi haichangii hata senti.

Taber hakuna pampu ya Hrynchuk.
Alfajiri nilizunguka kituo kizima nikitafuta zege iliyolala sawa,
nyuki wakivuma nyuma yangu kama wadai.
Nikangoja povu.
Lita tisini na saba nukta nne.
Odomita: mia tano na kumi na mbili.
Nikagawanya juu ya boneti, tochi mdomoni:
kumi na tisa, na chembe.

Orest akanyamaza. Akalipiga teke gurudumu.

Gurudumu!
Theluji ilipoyeyuka alilivisha gari matairi makubwa
kwa ajili ya matope ya shambani.
Tairi kubwa huzunguka mara chache,
na odomita huhesabu mizunguko, haijui barabara.
Njia ya mwongo ni fupi:
ilisoma mia palipokuwa na mia na nne.
Nilihakiki kwa vibao vya kando ya njia,
kimoja baada ya kingine, redio nimeizima.
Nikafuta. Nikaandika upya: kumi na nane nukta tatu.
Haki ni haki, hata ikimpendelea mume.

Kurudi, trela tupu,
kumi na moja nukta nane.
"Hiyo iandike!" akasema. "Hiyo kubwa kubwa!"
Nikaandika: *Tupu. Upepo wa kusini, mgongoni. Mwendo tisini.*
"Upepo wa nini tena?"
"Kwa sababu haukuwa wetu."

Akautafakari huo upepo mpaka kwa Hrynchuk.
Pale, nikiwa ndani nalipa,
nilimwona kupitia kioo ameinamia trela,
halafu ameinamia daftari,
uzi umekazwa hadi mwisho wake.
Pembeni mwa *tupu* alikuwa ameweka mshale,
na kwa herufi zake za fundi:
*Si kweli. Nyuki mmoja, kwenye wavu, upande wa kulia.*