Bei ya Shimo

Nyuma ya soko la Chavakali nilimchimbia Bwana Kisia
shimo la kujaribia udongo:
mita moja urefu, mita moja upana,
mita moja kwenda chini.
Akanihesabia elfu moja, noti zenye harufu ya samaki.
Sikulalamika.

Juma lililofuata akaja na habari ya tangi.
"Mita mbili kila upande, Vugutsa. Mara mbili tu.
Basi na pesa mara mbili."
Kichwa changu kikasema sawa.
Mgongo ukakataa,
lakini mgongo haujui kusema mbele ya watu.

Siku ya sita bado nimo shimoni,
ukingo umenipita utosi,
sululu inatoa cheche kwenye jiwe.
Kageha, binti yangu wa darasa la sita,
akaleta uji, akachungulia.
"Baba, haya ni mashimo mangapi?"
"Moja."
"Manane," akasema,
akakimbia na kikombe changu.

Alirudi na mche wa sabuni kutoka kwa Mama Mideva,
na kisu, na Bwana Kisia mwenyewe.
Akaukata mche ukazaa michemraba,
minane, sawa kwa sawa.
Miwili kwa urefu. Miwili kwa upana.
Hiyo minne ni ghorofa ya chini.
Minne mingine juu yake.
"Mbili mara mbili mara mbili.
Upande ukikua mara mbili,
tumbo linakua mara nane."

Bwana Kisia akachomoa kipande kimoja,
akakigeuza kama anayetafuta hila ndani yake,
akakirudisha kwenye pengo lake.
Kikatoshea.

Alilipa elfu sita. Mbili zilizobaki, alisema,
ni mvua iliyolainisha ardhi.
Mvua gani, sikuiona.
Na Mama Mideva naye akadai yake:
sabuni ukiikata umeinunua.

Miaka yote nilidhani ninauza shimo,
yaani mahali pasipo kitu.
Kumbe ninauza kile kichuguu kando ya choo,
ambako sasa kuku wa Kisia wanapanda
wakitazama barabara.

Usiku niliketi kwenye karai, kipande kimoja mkononi.
"Vimebaki vingapi, Baba?" akauliza nje ya pazia.
"Saba juu ya nane," nikajibu upesi,
nikajisikia msomi.
Povu lilitoka jekundu
mpaka ndoo ya tatu.