Robo Dola kwa Ukurasa

Masijala ya kaunti ya Tamsen, Nebraska,
hufunguliwa saa mbili na nusu. Ijumaa hufungwa adhuhuri.
Ngazi za kuteremkia huko ni vidato kumi na vinne:
nimevihesabu mara tano,
goti langu limevihesabu zaidi.

Mara ya kwanza nilikwenda na swali.
Karani, Twyla Hruska, akanitazama juu ya miwani:
"Swali halina fomu, Bi. Vondra. Ombi ndilo lenye fomu."
Nikajaza ombi.
Jina la anayetafutwa: Milo.
Uhusiano: mdogo wangu.
Sababu ya kuomba:
hapo kalamu ikazima kama trekta lililoishiwa mafuta.
Nikaandika, *mama amefariki, na usiku ule alimtaja,*
mstari ukanipungukia,
maneno yakamwagikia pembeni,
hadi kwenye kisanduku cha "Matumizi ya Ofisi Pekee".

Siku kumi za kazi, kama sheria isemavyo, barua ikaja.
*Hakuna kumbukumbu inayolingana na ombi lako.*
Muhuri safi, wa buluu.
Nikaibandika kwenye friji,
nikawa naisoma kila nikichukua maziwa.
Hawakusema hakuna mtoto.
Wamesema hakuna inayolingana.

Nikarudi. Tafuta kwa W, nikasema,
makarani wa zamani waliandika majina yetu ya Kicheki kwa sikio:
Wondra, Wandra, Fondra mmoja wa mwaka wa ukame.
Twyla akavuta droo za kadi, vidole vyake vikatembea
kama mtu apapasaye ukuta gizani.
Vifo: hamna.
Vizazi: mwaka hamsini na tatu umelowa mafuriko,
kurasa mbili zimeshikana,
wino umekuwa wingu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mtoto je?

Ilikuwa mara ya nne, watu wameenda kula,
Twyla akashusha sauti.
"Acha kuomba vifo. Omba malipo.
Kaunti husahau nani kafa.
Haisahau nani kalipwa."

Fomu nyingine. Siku kumi nyingine. Vidato kumi na vinne.

Leja ya idara ya barabara, Februari:
chumvi, magunia arobaini.
Tairi la greda, moja.
Koleo, mipini mitatu.
Kisha, kwa mwandiko uleule usiotetemeka:
*kuchimba kaburi, mtoto mchanga, ardhi imeganda. Dola nne.
Kalipwa: L. Wondra.*

Ladislav. Baba.

Baba aliyesukuma theluji ya kaunti miaka ishirini na sita
na mezani akaongea habari za theluji tu.
Alichimba. Akapokea.
Na pembeni ya W ya karani kuna sahihi yake,
V iliyochongoka, imekandamizwa hadi karatasi imetoboka.
Wapi alichimba, leja haisemi.

Ninayo picha yangu ya Pasaka ya mwaka ule.
Nina miaka minne, nimekunja uso kwa jua,
na miguuni viatu vyeupe, vipya.
Sitaki kujua.
Nataka kujua.
Hili nalo halina fomu.

"Ukurasa mmoja tu?" Twyla akauliza.
Mashine ikaguna, ikatoa karatasi ya moto
kama mkate.
Nikampa dola moja. Akasema ngoja chenji,
nikasema iache, akasema haiwezekani,
kila senti lazima iingie kitabuni.
Akafungua kitabu cha risiti, akalamba kidole.
*Zimepokelewa: senti ishirini na tano.*
*Kutoka kwa: Ardith Vondra.*
*Kwa ajili ya:*
kalamu yake nayo ikasimama.

"Kwa V," nikamwambia.

Akaandika taratibu, akikandamiza
ili nakala ya chini, ile inayobaki kaunti, isomeke:
*Milo Vondra.*