Nywele za Kwanza za Bilguun

Tangu azaliwe hajaguswa kichwa na wembe wala mkasi.
Miaka mitatu nywele zimeota zitakavyo,
zinanasa uji, zinanasa sufi ya mito,
na watu kwenye lifti humwita binti.
Leo ndiyo siku. Ghorofa ya saba, Ulaanbaatar,
theluji ya kwanza imeshachafuliwa na moshi wa makaa,
viti tumeazima kwa jirani, na kimoja
nimekiweka karibu na mlango, makusudi.

Kiti cha Oyunchimeg, dada yangu.

Nilimpelekea ujumbe wa maneno matano:
Jumamosi. Saa sita. Ukipenda, njoo.
Niliuandika mara tisa.
Mara ya kwanza ulikuwa kurasa mbili.

Ndugu wakigombana, husemwa, shika jembe ukalime.
Huku kwetu hatulimi, tunafuga,
na kwa muda tulionuniana sisi wawili
mbuzi wangeshaona vitukuu.

Yaliyopita si ndwele, ananikumbusha mume wangu
akipanga glasi.
Rahisi kwake. Hakuuguza.
Mimi nilimgeuza mama ubavu kila baada ya saa mbili,
usiku kucha, majira ya baridi mazima,
dada akiwa Incheon, kiwanda cha vioo, akituma pesa.
Zilifika kila mwezi, hilo nalikiri.
Siku ya maziko zilifika pesa tena.

Kengele. Amekuja.
Amekonda. Koti la kijivu. Nywele amezikata fupi,
sikuambiwa.
Nani angeniambia?
Namsalimu kama karani wa benki. Anavua viatu,
na soksi yake ina tundu palepale, kwenye kidole gumba,
palepale mama alipokuwa akitushonea.
Naangalia kwingine.

Mjomba Luvsandorj anakata wa kwanza, kama nyota zilivyoagiza,
anadondosha shungi mfukoni, anamtakia mtoto
meno yasiyong'oka ila kwa uzee, farasi wasiohesabika.
Kisha Bilguun mwenyewe anazunguka
na mkasi uliofungwa hadag ya buluu:
bibi, shangazi, mwalimu wa chekechea, jirani mwenye viti.
Kila mtu shungi, kila mtu dua, kila mtu noti au kigari.

Mtoto hajui nani kamnunia nani.
Anafika mlangoni. Anamwinulia mkasi mgeni huyu
kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha,
na chumba kizima kinakumbuka ghafla kunywa chai.

Oyunchimeg hashiki mkasi.
Ananitazama mimi.

Nilikuwa na hotuba. Niliilea miaka sita,
niliipiga pasi, niliiota.
Nikasema, "Kisogoni bado ni ndefu."

Akakata kisogoni, kidogo, kama anayeiba.
Dua yake ilikuwa ya chini mno, sikuisikia.
Nilipomuuliza Bilguun baadaye alisema,
"Amenipuliza sikioni."

Alikula buuz mbili, vile vifurushi vya nyama
tulivyofundishwa kukunja meza moja, siku moja,
akasema chumvi imepungua. Ni kweli, ilipungua.
Hakumkumbatia mtu. Aliondoka kabla ya keki.

Sasa ni usiku, vyombo vimejaa sinki.
Mfuko wa nywele nimeufunga, uko juu ya kabati,
na la mwakani usiniulize.
Bilguun, kipara kama yai, amelala
na kofia ya sufu aliyoletewa na yule wa mlangoni:
kubwa mno, inamfunika hadi puani.
Dada alikisia kichwa ambacho hajawahi kukiona.
Nimejaribu kuivua mara mbili.
Mtoto anaing'ang'ania, usingizini, kwa mikono miwili.