Baridi ya Kupelekea Gato

Mwezi wa kumi Lubumbashi haipumui.
Jua limekaa juu ya mabati ya Katuba
kama mgeni aliyeambiwa karibu mara moja tu
akaja na magodoro.
Na mimi nina gato ya ngazi tatu ya kufikisha Golf
ndani ya Carina iliyomtangulia binti yangu kuzaliwa,
na klima yake inanipulizia usoni
pumzi ya mtu anayekunywa chai.

Jumamosi ile, nyuma ya malori ya Kipushi,
ngazi ya juu ilianza kuinama,
polepole, kwa adabu, kama shemeji anayesalimia.
Nilifika kwa bibi harusi na kichuguu cha krimu,
waridi la sukari limelala kifudifudi.
Walinilipa nusu.
Gato waliila yote.

Fundi wa kwanza alitia gazi, hakuuliza kitu.
Dola arobaini, baridi ya siku tisa.
Wa pili akatia gazi juu ya gazi
hadi kompresa ikalia kama mbuzi anayeijua sikukuu,
akasema, Mama, uza.

Wa tatu ni Kapend, wa kule Kamalondo,
yule ambaye feni ilishamla ncha ya kidole.
Chupa ya gazi hakuigusa.
Aliwasha injini, akaweka kiganja mbele ya tundu,
akafumba macho
kama anayetafuta teke la mtoto tumboni.
"Gazi haiko dawa ya kila homa, Mama.
Baridi iko. Njia njo haiko."

Akang'oa plastiki chini ya kioo cha mbele.
Maua.
Jakaranda za miaka sijui mingapi,
juu zambarau, katikati kahawia,
chini kabisa zimekwisha kuwa udongo,
udongo mzuri, wa kuotesha lengalenga.
Mimi ndiye niliyekuwa naegesha chini ya mti ule
kila siku, kwa ajili ya kivuli!
Nimekaa miaka nakimbia jua
na kivuli kinaniziba pua.

Hakuishia hapo. Mbele, kwenye kondensa,
vumbi jekundu limeganda na mabawa ya kumbikumbi.
Musau, mwanafunzi wake, akaliosha kwa maji yasiyo na hasira,
maana vile vibati ni laini kama karatasi;
vilivyolala tukavinyoosha kimoja kimoja
kwa kisu changu cha kupakia krimu.
(Nimenunua kingine.)
Halafu bomba la maji ya moto: halikuwa linafunga.
Huku klima inapoza, huku injini inapasha,
wake wenza wawili kwenye sufuria moja.
Kapend akalibana kwa waya.
Halafu, penye kiungo cha mpira, doa la mafuta,
dogo, la aibu, mlango ambao dola zangu zilitokea.
Pete mpya ilikuwa na bei ya mikate minne.

Ndipo akauliza kama nina mizani.
Mizani yangu! Ya unga na sukari!
Akasimamisha chupa ya gazi juu yake, akachungulia namba
kama mimi ninavyochungulia hamira.
"Ikizidi inaharibu. Ikipungua inaharibu."
Nikamwambia hilo nalijua tangu nina miaka kumi na mbili,
kwenye tanuri la mama yangu,
nilishangaa tu kulikuta ndani ya motokari.

Leo nimepeleka gato ya ubatizo hadi Golf.
Malori yalikuwepo. Jua lilikuwepo.
Krimu imesimama kama polisi siku ya gwaride
na magoti yangu, kwa mara ya kwanza,
yameomba kitenge.
Nilipofika sikushuka mara moja.
Wakagonga kioo, nikawaonyesha kidole: kidogo tu.

Jioni nimerudi, nimeegesha pale pale,
chini ya mti.
Limeanguka moja, zambarau, juu ya boneti.
Nimeingia ndani kutafuta ufagio.