Maneno Arobaini

Wiki ya tatu Milwaukee, ghorofa ya chini ya makumbusho,
nimevaa glavu za pamba zilizoshonwa kwa mkono wa mtu mwingine.
Kanda zimenata kwa uzee. Tunazioka kama mkate,
moto mdogo, kwa saa nane, ndipo zinakubali kusema.

Bendi ya wanawake sita, mwaka sabini na sita.
Walifanyia mazoezi nyuma ya duka la soseji
kwa sababu kwingine kote waliulizwa:
waume zenu wanajua?

Nimeandika: gitaa, tarumbeta, hasira.
Bi Tollefson amekata hasira kwa penseli.
Kibandiko ni maneno arobaini, anasema,
na hasira itasikika yenyewe.

Lakini kanda ya nne, dakika ya kumi na moja,
ngoma inakatika. Mtoto analia.
Kiti kinaburutwa. Mtu anacheka:
“Mpe upande wa pili, Bernice, huo umekwisha,”
na besi inasubiri, nota moja, nota moja,
mpaka mpiga ngoma anyonyeshe, arudi.

Nilimpigia simu Bernice. Ana miaka themanini na moja.
Wimbo haukumbuki. Anakumbuka maziwa
yaliyodondokea ngozi ya ngoma, na harufu yake siku ya pili.
Akaniuliza kama ninalipwa.
Nikasema, napewa nauli ya basi.

Kimya.
Kisha: “Basi bado hamjamaliza.”

Nimehesabu. Ni maneno matatu.
Yamebaki thelathini na saba.