Uzi wa Kijani

Daftari la MTUHA lina safu ya jina,
ya umri, ya mtaa, ya uzito,
ya dawa iliyotolewa na idadi yake.
Halina safu ya kile mtu anachokunywa
alfajiri, kabla hajaja kwangu.

Miaka minane nimelijaza
katika zahanati yetu ya Buguruni, jirani na reli;
treni ikipita, mizani ya watoto hutikisika,
tunangoja itulie, ndipo tunasoma.
Mwalimu Mtopa alikuwa mgonjwa wangu wa kujivunia.
Sukari yake ilishuka mwezi hata mwezi,
nami nikiwaonyesha wanafunzi wa uuguzi kadi yake:
tazameni, vidonge vikimezwa kwa saa.

Kisha Ijumaa moja akaletwa kwa mkokoteni wa nazi,
kanzu imelowa jasho, ulimi mzito,
ananiita kwa jina la mwanafunzi wake wa zamani.
Kipimo: mbili nukta moja.
Nikiwa natafuta mshipa, mkoba wake ukaanguka,
ikabingirika chupa ya soda
yenye maji ya kijani, machungu hata kwa kunusa.
"Karela," binti yake akasema.
"Kila asubuhi, tangu masika.
Hukumuuliza."

Hukumuuliza.
Mwalimu mwenyewe angelichambua ubaoni:
nafsi na ukanushi, wakati uliopita,
mtendwa, mzizi.
Mimi ulinichoma mzizi.

Nikamfuata Bi Chausiku Pazi, nyuma ya mashine ya kukoboa,
nimevaa koti jeupe na hasira.
Alikuwa anakanda goti la dereva wa lori.
Pembe za chuku zimepangwa ukutani kwa ukubwa,
beseni la majani, redio inakoroma.
Hakuinuka.
"Kumbe ndiye wewe unayempa Mwalimu vidonge?
Mbona hakuniambia?
Ningempunguzia nusu kikombe."

Nikalivua koti.
Joto tu, nilijiambia.

Sisemi tulikubaliana.
Nilimwambia chupa inayotibu maradhi arobaini
sitaitambua hata kwa moja.
Akacheka: "Na kidonge chako cha kichwa,
nani aliyewahi kutoka kwako bila nacho?"
Nilimkataza kumuumika anayemeza dawa ya kulainisha damu.
Alinyamaza muda mrefu,
dereva akajifanya amelala.
"Basi niambie ni nani hao."
Sikuweza kumwambia. Siri ya mgonjwa.
"Basi wao waniambie," akasema, "au wabebe alama."

Ndipo zikaja nyuzi.
Yeye hasomi; mimi siyajui majani yake.
Kila anayekubali, kadi yake ya kliniki inatobolewa pembeni:
mwekundu, nimempa dawa ya damu, asichanjwe;
mweupe, amekandwa tu, hakuna alichokunywa;
kijani, amekunywa, uliza.
Na wembe mmoja kwa mtu mmoja. Hilo hatukubishana,
aliniomba tu boksi la kutupia.

Mgongo wa muuza mkaa, ambao nilikuwa nauzungusha
kati ya vidonge vitatu vinavyomla tumbo,
sasa namwandikia: kwa Bi Chausiku, Jumanne.
Na yeye alimkataa mtoto mwenye homa ya siku nne,
akamleta mwenyewe, kambeba begani,
akasimama mlangoni hadi kipimo cha malaria kikatoka.

Mkaguzi wa manispaa alizishika zile nyuzi
kwa vidole viwili, kama unywele kwenye wali.
"Hizi ziko kwenye mwongozo upi?"
Nikamwonyesha daftari: kwa rula na kalamu ya bluu
nimechora safu nyembamba pembezoni.
Hakusaini. Hakuifuta pia.

Leo Mwalimu Mtopa ameketi mbele yangu,
kadi safi, tundu tupu.
Uzi, anasema, umefunguka wenyewe njiani.
"Asubuhi umekunywa nini?"
"Maji tu, mwanangu."
Treni inapita. Tunangoja itulie.
Kalamu yangu iko kwenye ile safu nyembamba.
"Maji ya nini, Mwalimu?"